Jina la Kibao cha Maporomoko

Enyi mlioketi, nawakabidhi mzani. Mizigo ni mitatu. Hukumu ni yenu.

Katika bonde moja la Norwei waliishi watu watatu. Turid, bikizee, alijaliwa kumbukumbu isiyovuja. Eivind, mchonga fidla, alijaliwa sikio lililotambua uzi uliolegea kwa unywele. Sigurd, mdogo wake Eivind, kiongozi wa bendi ya metali, ule muziki mzito wa gitaa za umeme, alijaliwa uthubutu.

Sigurd alikuwa akiandaa albamu ya hadithi za kale za kwao, akakitafuta kibao ambacho, kwa masimulizi, pepo wa maporomoko aliwafundisha wapiga fidla. Aliyekijua mwisho alikuwa baba yake Turid. Mchungaji wa kanisa alipomwambia kuwa fidla ni chombo cha shetani, baba huyo aliichoma yake kwa mkono wake, akapiga marufuku muziki nyumbani. Turid, msichana wakati huo, alikihifadhi kwa kukivumisha, midomo ikiwa imefumbwa, zizini akikamua ng'ombe. Alipogunduliwa, alichapwa. Kesho yake akakivumisha tena.

Eivind alikipokea kutoka kwa Turid, lakini fidla ilikikataa. Majira yote ya baridi alikaza nyuzi na kuzilegeza, akitafuta mpangilio uliosahauliwa. Mkewe alichoka kuishi na mtu asiyemsikia, akahama. Nyuzi zilipokubali, hakuwapo wa kuambiwa.

Sigurd alikipeleka kwa bendi. Wenzake walikiita wimbo wa zizini. Wawili wakajitoa, mmoja rafiki yake tangu utotoni. Hakurudi nyuma. Alikiunganisha na gitaa za umeme na ngoma nzito, hata vijana waliodharau fidla, waliposikia mazoezi, wakakipiga mbinja njiani.

Sasa, desturi ya bonde ni kwamba kila kibao hubeba jina la mtu mmoja tu, yule aliyekirithisha. Kisicho na jina hakipigwi hadharani.

"Kiitwe cha Turid," alisema bikizee.

"Bibi, wewe uliwaimbia ng'ombe!" Sigurd alicheka.

"Walinisikiliza kuliko wewe, mwanangu. Nawe umeongeza nini, zaidi ya kelele?"

"Uhai! Ninyi wawili mlikuwa mmebeba maiti."

"Maiti?" Eivind aliifunga fidla yake. "Basi izike bila nyuzi zangu, mdogo wangu."

Tangu siku hiyo ndugu hao hawasalimiani. Albamu imetoka bila kibao hicho. Turid amelazwa, pumzi yake haifiki tena mwisho wa mstari, naye amekataa kukivumisha mpaka ajue kitaitwa cha nani.

Msiniambie kila mmoja apewe theluthi. Hesabu hii si ya kujumlisha bali ya kuzidisha: mmoja akiwa sifuri, jibu ni sifuri. Na desturi inataka jina moja.

Haya, kabla bikizee hajakata roho: je, wewe ungelitamka jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje machoni?