Saa ya Fundi Dakika

Ngozi ya ngoma ina kiasi chake. Ikipigwa kwa wastani, watu watacheza wakinai. Ikipigwa kwa vishindo ili hata mtaa wa pili usikie, hupasuka, na wachezaji hubaki na mguu mmoja hewani. Ndiyo maana tukaachiwa methali isemayo kwamba ngoma ivumayo haidumu, yaani jambo linaloshika kasi na kusifiwa kila pembe huwa limekaribia mwisho wake. Fundi Dakika aliijua methali hiyo tangu shuleni, na aliwahi hata kupata alama nzuri kwa kuieleza. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuisikia inapokusema wewe ni jambo jingine.

Alikuwa fundi saa. Jina la Dakika alipewa na wateja, kwa kuwa mafundi wengine walisema "njoo kesho" na yeye alisema "nipe dakika ishirini," na dakika ishirini zikiisha saa yako ilikuwa inatembea. Chumba cha kazi aligawana na mkewe, mshona nguo. Upande wa dirisha ilikuwapo meza yake yenye vibano na bisibisi nyembamba kama sindano, na upande wa mlango cherehani ya mkewe. Walikuwa wamekaa humo miaka kumi na tisa. Sasa mwenye nyumba alikuwa anakiuza chumba hicho, na kwa hisani aliwapa wao nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi. Wakishindwa, yupo muuza simu aliyekwisha kuja kupima kuta kwa futi kamba, huku mkewe Fundi akimtazama kama mwizi.

Hapo ndipo yalipotangazwa mashindano makubwa ya poka katika ukumbi wa hoteli. Fundi alicheza mchezo huo wa karata kila Jumapili kwa kinyozi wa jirani, na nafasi ya kuingia aliishinda hukohuko kinyozini. Wachezaji walikuwa mia tatu na ushei, na mashindano yalikuwa ya siku mbili. Kila mmoja alipewa vipande vya plastiki vya kuwekea dau, sawa na mwenzake. Anayeishiwa anatoka. Tisa watakaobaki ndio wa meza ya mwisho, na kila mmoja wao, hata wa tisa, alikuwa na zawadi iliyotosha kununua chumba kile.

"Baba watoto, mimi sitaki uwe wa kwanza," mkewe alimwambia asubuhi ile. "Uwe wa tisa, basi."

"Wa tisa si mshindi, mama watoto."

"Chumba ndicho ushindi. Kaa kwenye hicho kiti cha tisa, urudi nyumbani."

Kila asubuhi kabla ya kazi, Fundi alikuwa na desturi ya kuitia ufunguo saa yake ya mkononi, aliyorithi kwa baba yake. Siku hiyo, kwa haraka, alisahau. Ukumbini mambo yakamwendea mrama, na vipande vyake vikapungua mpaka akaanza kuitazama njia ya mlangoni. Alasiri akatupa jicho mkononi. Mshale wa sekunde ukatikisika mara mbili mbele ya macho yake, ukasimama. Saa kumi na dakika tano. Wakati huohuo akafunua karata zake, akakuta ree mbili, karata za juu kuliko zote.

Alishinda dau hilo, na lililofuata, na la tatu. Akishika karata nzuri alishinda, na akishika takataka wenzake walikimbia. Hadi jioni alikuwa na mlima wa vipande mbele yake, na kinyozi alikuwa amekwisha kuusambaza uvumi mtaa mzima. Meza moja naye alikaa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mwenye miwani aliyecheza mara chache na kunyamaza sana.

"Mwanangu," mama huyo alimwambia, "karata hazikumbuki nani alishinda mara iliyopita."

"Mimi zinanikumbuka, Mwalimu," Fundi alijibu, na meza nzima ikacheka.

Nyumbani, mkewe aliiona saa imesimama, akanyoosha mkono aitie ufunguo. Fundi akaurudisha mkono wake kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Usiiguse! Bahati yote imo humo."

"Fundi saa mzima anatembea na saa mbovu?"

"Si mbovu. Imepumzika."

Mkewe alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Kisha alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha.

Siku ya pili bahati iliendelea palepale ilipoachia. Wachezaji walitoka mmoja mmoja mpaka wakabaki kumi na mmoja katika meza mbili, na hakuna aliyekuwa na vipande vingi kumshinda Fundi. Saa kumi kamili wakapewa mapumziko ya robo saa. Fundi akatoka kwenda bustani ya nyuma, ambako kinyozi na kundi la mashabiki walimpokea kwa shangwe. Jina la Dakika lilikwisha kusahauliwa. Sasa alikuwa Bwana Bahati.

Wakamtaka asimulie. Fundi akaanza na zile ree mbili, akaonyesha saa, ikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, ikarudi. Chumvi ikaongezwa hapa na pale. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye meza yake ya dirishani, kwa maana saa ikipona hakuna anayepiga makofi.

"Bwana Bahati, hamjaitwa?" kinyozi aliuliza.

Fundi alitazama mkono, kama alivyoutazama mara elfu kila mwezi wa maisha yake. "Saa kumi na dakika tano. Bado dakika kumi."

Nani angebishana na fundi saa kuhusu saa? Hadithi ikaendelea zaidi ya nusu saa. Ilipofika pale alipomtoa mfanyabiashara mmoja mwenye kofia, kinyozi akauliza tena. Fundi akatazama tena mkono. Saa kumi na dakika tano.

Akaiacha hadithi katikati. Akakimbia.

Kanuni ya mashindano haimsubiri mtu. Kiti kikiwa kitupu, mwenyewe hugawiwa karata kama wengine, hutolewa dau la lazima zamu yake ikifika, na karata zake hutupwa. Hatua ile madau ya lazima yalikuwa makubwa, na kwa watu wachache zamu zilizunguka upesi. Katika mlima wa Fundi kilibaki kichuguu. Mtu mmoja alikuwa ametoka. Walibaki kumi.

"Bado vinakutosha," mwalimu alimnong'oneza. "Yule wa meza ya pili amebakiwa na viwili tu. Tulia, atatoka yeye."

Maneno hayo yalikuwa sawasawa na ya mkewe, na Fundi aliyasikia vizuri. Lakini mashabiki walikuwa wamejaa dirishani wakiita, "Bahati! Bahati!" na aibu ilikuwa inamchoma. Alifunua karata zake akakuta nane na tatu, karata ambazo hata kinyozi angezitupa. Akaigusa saa yake, akasukuma vipande vyote katikati.

Mwalimu, ambaye vipande vyake sasa vilizidi vya Fundi kidogo, alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaweka mezani wafalme wawili. Karata tano za katikati zilipofunuliwa, hakuna hata moja iliyomjua Fundi. Kabla hajasimama, yule wa meza ya pili akatoka, na zawadi ya tisa ikawa yake.

Alipofika chumbani, cherehani ilikuwa inalia.

"Wa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Wa kumi."

Cherehani ikanyamaza. Mkewe alilia kidogo bila kuficha uso. Halafu aliushika mkono wa mumewe, akaitia saa ufunguo na kuilinganisha na ya ukutani, na safari hii mkono haukurudishwa.

Mwisho wa mwezi muuza simu alikabidhiwa ufunguo. Meza na cherehani vikahamia nyumbani, mlangoni, ambako mvua ikinyesha kila mmoja anafunika mali yake. Siku moja kinyozi alipita akiwa na haraka.

"Fundi Dakika, saa ngapi sasa?"

Fundi aliisogeza kwanza saa sikioni, akasikiliza mlio wake mdogo, ambao hata mkewe aliyekaa hatua mbili hakuusikia, na ambao ndio uliowalisha miaka yote ile. Kisha akamtajia kinyozi saa, barabara. Ngoma ivumayo haidumu.