Kioo na Moshi Wake

Mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mtu anayeona haya kuonyesha shida yake hujifungia mwenyewe mlango wa msaada. Dereva mmoja wa teksi, aliyeitwa Kioo kwa jinsi alivyoling'arisha gari lake, aliijua methali hii tangu utotoni. Lakini kuijua methali si kuifuata.

Siku moja Kioo hakukalika kwa furaha. Zahanati ilikuwa imempa kazi ya kuwachukua wagonjwa majumbani kwao kuanzia kesho yake, kwa sharti moja: alete cheti cha ukaguzi wa gari siku hiyohiyo kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo kazi angepewa mwingine. Breki zilikuwa nzima, taa zikiwaka, matairi mapya. Kasoro ilikuwa moshi. Kwa wiki tatu gari lilifuka moshi mweusi tititi kama tanuri la mkaa. Kioo aliamini injini inakata roho, na kwa aibu hakumruhusu fundi yeyote kufungua boneti.

"Mwonyeshe fundi, baba watoto," mkewe alimsihi.

"Ili waseme Kioo anaendesha jiko? Thubutu!"

Asubuhi ile akafuata ujanja wa vijiweni: alichukua kwa siri nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akazishindilia ndani ya bomba la moshi. Kisha wakaenda kupanga foleni kwenye kituo cha ukaguzi, yeye na mkewe.

Zamu yao ilifika saa tisa na robo. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye ovaroli ya buluu, alipima breki na taa. Safi! Kioo akachekelea mpaka jino la mwisho.

"Sasa moshi. Kanyaga mafuta, kaka."

Kioo akakanyaga kwa woga.

"Kanyaga! Unabembeleza mtoto?"

Akakanyaga. Puu! Bonge la nyuzi likaruka kama risasi, likatua miguuni pa mkaguzi, na wingu jeusi likawameza wote.

"He! Nyuzi zangu!" mkewe akamaka. "Na mimi tangu asubuhi namshuku jirani!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kioo alitamani ardhi ipasuke immeze. Akashika gia, tayari kutimka.

"Kaka, hizi naziokota kila siku," mkaguzi alisema kwa upole. "Ondoka, au niambie ukweli. Gari linaumwa nini?"

Kioo alitazama saa ya ukutani. "Dada, lina moshi wiki tatu. Nadhani injini imekufa. Niliona aibu kusema."

"Haya, fungua boneti."

Fundi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaja mbio na bisibisi. Alipofungua kasha la chujio la hewa, akapiga kelele, "Injini nzima kabisa, mzee! Inakosa pumzi tu. Umempangisha panya!" Na kweli, chujio lilikuwa limezibwa na kiota cha pamba na vitambaa.

Mkewe hakungoja kutumwa. Alivua viatu, akavuka barabara hadi duka la vipuri, akarudi anahema na chujio jipya kifuani. Fundi akalipachika. Kanuni ziliruhusu gari kupimwa tena siku hiyohiyo, na foleni ikawapisha. Kioo akakanyaga, safari hii bila kubembeleza. Mshale wa kipimo ukapanda, ukasita, ukatua kwenye kijani.

"Limepita!"

Honi zikalia foleni nzima kama harusini. Mhuri ukagongwa, na mume na mke wakakimbilia zahanati. Walimkuta karani ameshika komeo la dirisha, dakika tatu kabla ya saa kumi. Akakisoma cheti mara mbili.

"Kesho alfajiri, usichelewe," alisema.

Nje, mkewe alijifuta jasho. "Wiki tatu za aibu, mume wangu, na dawa yake haikufika hata nusu saa!"

Kioo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akakubali mbele ya wapita njia wote kwamba kweli, mficha uchi hazai.