Kanga Aliyebaki Kila Mgao

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kanga wa nyikani! Wa kuruka, si wa kujifunga!

Basi hapo kale palikuwa na kundi la kanga elfu mbili mia tano ishirini na mmoja. Walipenda ngoma, na ngoma yao ni ya mistari. Wakijipanga wawili wawili, anabaki mmoja. Watatu watatu, anabaki mmoja. Hata kumi kumi, anabaki mmoja! Na anayebaki ni yule yule, mama mmoja mwenye mguu mbovu, maana ndiye aliyechelewa kufika. Wakamwita Mabaki.

"Unatuharibia ngoma," akasema Jogoo Kishungi, mkubwa wao. "Tokomea!"

Akafukuzwa. Binti yake, Kidoti, akazuiwa kumfuata. Sasa wakawa elfu mbili mia tano na ishirini kamili. Wawili wawili, watatu watatu, hata kumi kumi, habaki mtu. Wakacheza, wakajisifu! Mabaki kule kichakani analia, roho inamuuma kwa ajili ya mtoto.

Lakini ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Fisi na Chui waliusikia mdundo, wakatega wavu mpana, wakalinasa kundi zima.

"Tugawane sawa kwa sawa," akasema Chui. "Ukinizidi hata mmoja, nakurarua."

"Na asile mtu kabla mgao haujatimia," akaapa Fisi, udenda unamtoka.

Mabaki akawasikia. Machozi yakamkauka.

"Mwanangu haliwi," akasema. "Nakwenda kuhesabiwa!"

Huyo, chechemu, chechemu, mpaka wavuni. Akajipenyeza.

Wakagawana wawili. Akabaki mmoja.

"Wangu!"

"Wako kwa lipi? Wangu!"

"Tumwite Mbweha," akasema Fisi. "Tukiwa watatu mgao utatimia."

Wakagawana watatu. Akabaki mmoja. Wakamwita Nguchiro, wakawa wanne. Akabaki mmoja.

Mnasema si wangemchana vipande? Nyie nanyi! Nani akubali kichwa, mwenzake anatafuna paja? Wakaita na kuita, mpaka wakawa kumi. Wakagawana. Akabaki mmoja, kasimama kwa mguu wake mzima, anawakodolea macho. Aliogopa, jamani, aliogopa sana, lakini hakusogea.

"Wangu!" wakanguruma wote kumi.

Wakarukiana. Meno huku, kucha huku, na wavu ukachanika chwaa! Kanga wakaruka, purrr!

Walipotua mbali, Jogoo Kishungi alitangulia mbele, akakohoa, akapaza sauti.

"Mistari! Kila mtu mahali pake!"

Kidoti hakujipanga. Alikwenda kusimama na mama yake. Akamfuata mwingine, na mwingine, na mwingine.

Jogoo akageuka kuukagua mstari wake. Alikuwamo peke yake.

Ngano yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni wote. Ikiwa chungu, niachieni mimi.