Ujira wa Maziwa

Wametusimulia wema waliotutangulia kwamba Lubaba binti Harith, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akikanda unga wa shayiri, mikono imejaa hadi viwiko, jirani yake alipoingia mbio bila hata kubisha hodi.

"Ummu Sawda, osha mikono! Watu wa Amiri wanaulizia nyumba yako."

Lubaba hakuosha mikono. Kwanza aliwatazama watoto wake. Sawda alikuwa akichambua dengu, Nufail na Dihya wakigombania ungo, na kichanga chake, Ramla, kimelala mkekani kando ya baba yake.

"Wanataka nini?"

"Maziwa. Mke wa Amiri amejifungua mtoto wa kiume, na homa imemkausha. Ya mbuzi mtoto anayatapika. Wameambiwa wewe unanyonyesha." Jirani akashusha sauti. "Nawe unayajua yaliyompata yule wa kwanza."

Hakuna katika mji ule aliyekuwa hayajui. Mnyonyeshaji wa kwanza wa nyumba ya Amiri alikuwa mwanamke mwenye afya na kicheko. Mtoto akashikwa na surua mikononi mwake, akafa, na watu wa Amiri wakasema ni maziwa. Mwanamke yule alitoka gerezani baada ya mwaka, nywele zimekuwa nyeupe, akahama mji bila kumuaga mtu.

Shaddad, mumewe Lubaba, alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, lakini tangu ukuta ulipomwangukia mgongoni hakuweza kuinua hata mtungi. "Usiende," alisema. Kisha akautazama ule unga, ambao ndio uliokuwa wa mwisho. "Au nenda. Mimi sijui, mke wangu. Ukikataa watachukia. Ukikubali, kila mtoto wao akipiga chafya tutatetemeka."

"Kutetemeka natetemeka tayari," alisema Lubaba. Akanawa, akambeba Ramla mgongoni, akatoka.

Alipokewa na Yasar, msimamizi wa nyumba ya Amiri, katika chumba chenye pazia zito. Yasar alikuwa mtu mnene, na macho yake hayakutulia. Lubaba akatambua kwamba naye anaogopa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwajiri yule wa kwanza.

"Dinari mbili kila mwezi," alisema Yasar. "Kula na kuvaa juu yetu. Utalala humu humu, hutoki mpaka mtoto aachishwe ziwa. Huyo wako mtafutie mwingine wa kumnyonyesha."

Dinari mbili! Shaddad hakuwahi kupata hata moja kwa mwezi alipokuwa na mgongo mzima. Lubaba akamweka sawa Ramla mgongoni.

"Ujira nimeusikia, Mungu awazidishie. Sasa yasikilize masharti yangu."

"Masharti!" Yasar akacheka. "Mke wa mchukuzi ana masharti! Kuna wanawake wangekuja hapa kwa magoti."

"Basi waite hao, bwana. Mbona umeniita mimi?"

Nyuma ya pazia kilisikika kilio chembamba cha mtoto mwenye njaa, na Lubaba akahisi kifua chake kinalowa. Akaivuta shela yake mbele, Yasar asije akajua kwamba maziwa yenyewe yameshaikubali kazi.

"La kwanza, huyu wangu atanyonya pamoja na wenu, mmoja kulia na mmoja kushoto. La pili, mtoto atakaa kwangu. Nina mume asiyeweza kusimama na watoto wasioweza kujipikia."

"Mtoto wa Amiri alale kwenye mkeka wa mchukuzi? Akifa huko je?"

"Na akifa huku, bwana, si mtasema ni maziwa yangu?" Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Hilo ndilo la tatu, na bila hilo yale mengine mawili hayana maana. Nitamlea kama wangu. Lakini Mwenyezi Mungu akiwa amemwandikia kufa, nisishikwe mimi wala watu wangu. Na Amiri alitamke hilo mbele ya kadhi."

"Mwanamke, unajua unaongea na nyumba gani?"

"Naijua. Ndiyo maana naongea kabla, si baada."

Yasar aliingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa akijipangusa jasho. Masharti yalikuwa yamekubaliwa, na kesho asubuhi Amiri angetamka mbele ya kadhi. Mjakazi akaleta mtoto. Lubaba akampokea. Alikuwa mwepesi mno, na mdomo wake ulikuwa unatafuta hewani.

"Mnyonyeshe vizuri huyo," alisema Yasar, ambaye sasa moyo ulikuwa umemtulia. "Ni bwana harusi, ati. Jana bibi yake, mama wa Amiri, amemposea binti wa ami yake, Safana."

Lubaba alikuwa ameshafungua kifungo cha nguo yake. Akakifunga.

Safana alimjua. Mwaka uliopita mama yake Safana, mke wa ndugu yake Amiri, aliugua hata hakuweza kuinua kichwa. Akampeleka mtoto kwa Lubaba kwa siri, kwa kumwogopa mama mkwe wake, Bibi Atika, ambaye tangu kifo cha yule mtoto wa Amiri alikuwa amekataza wajukuu wake wasinyonyeshwe na mgeni. Lubaba, aliyekuwa bado akimnyonyesha Dihya, alimnyonyesha Safana juma zima, mchana na usiku, akashiba. Kwa hiyo Safana alikuwa mwanawe wa kunyonya, na huyu naye akinyonya hapa watakuwa kaka na dada. Ndoa yao itakuwa haramu kama ya watoto wa tumbo moja.

Akamweleza Yasar kwa sauti ya chini. Yasar akageuka rangi.

"Nani anajua?"

"Mimi, na mama yake, na Mwenyezi Mungu."

"Basi nyamaza! Harusi yenyewe ni ya miaka mingi ijayo. Huenda hata wasioane. Sikiliza, nitakupa dinari tatu."

Lubaba aliziona dinari tatu kama zilivyo, yaani unga, mafuta, na tabibu wa mgongo. Aliliona pia gereza. Mtoto akamng'ang'ania shela kwa vidole vyake vidogo, akilia, na kila kilio kilimchoma kifuani. Akamrudisha kwa mjakazi.

"Mchukue," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Nimemnyonyesha Safana. Siwezi kumnyonyesha huyu na wao wakaja kuoana."

Pazia likavutwa. Bibi Atika, mama yake Amiri, alikuwa amesimama pale wakati wote.

"Mjukuu wangu ana njaa, nawe unaniletea habari za ndoa?"

"Nakuletea kabla hajanyonya, Bibi. Nikikaa kimya, watakuja kuoana bila kujua, na dhambi hiyo nitakuwa nimeiuza kwa dinari tatu."

Yasar akatazama sakafu.

"Nani alikuagiza umnyonyeshe Safana?"

"Njaa yake, Bibi."

"Njaa yake haina miguu ya kuja kwako."

"Aliyemleta alitaka mtoto aishi. Kama kuna kosa, mimi ndiye niliye mbele yako."

Bibi Atika alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Nenda nyumbani," alisema tu.

Alirudi bila ujira, nguo imelowa kifuani, akigeuka nyuma kila kona. Shaddad alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ungewaomba angalau kibaba cha unga kwanza." Hapakuwa na aliyecheka. Lubaba akauchoma mkate, akainjika dengu. Kila mlio wa kwato nje ulimsimamisha.

Baada ya Magharibi mlango ukagongwa. Akawasukuma watoto chumba cha ndani, akasoma aliyojaaliwa kusoma, akafungua.

Alikuwa Bibi Atika mwenyewe, mjukuu kifuani, na nyuma yake Yasar amejitwisha godoro.

"Mjukuu mmoja nimeshamzika," alisema Bibi Atika, "nikiwa nimezungukwa na watu wanaoniambia ninayopenda kusikia. Mchumba nitamtafutia mwingine. Mkwe wangu, mama yake Safana, nimeshazungumza naye, usimwogopee. Masharti yako yote matatu yapo; Amiri hakungoja kesho, ameshatamka mbele ya kadhi. Lakini ni dinari mbili, si tatu."

"Mbili zinatosha, Bibi," alisema Lubaba, akimpokea mtoto. "Ila za mwezi huu naziomba leo."

Akapewa.

Enyi ndugu zangu, mkiitwa kwenye kazi, tajeni ujira wenu na masharti yenu wala msione haya, kwani kuomba haki si tamaa. Lakini litajeni pia lile ambalo likijulikana linaweza kuwanyima kazi, na mlitaje kabla. Na msingoje hofu iwatoke kwanza. Lubaba haikumtoka, si siku ile wala miaka ile miwili ya kunyonyesha. Aliifanya haki akiwa nayo.

Usiku ule aliwatoa watoto chumba cha ndani, akapakua. Shaddad alikuwa ameegemea ukuta. Sawda alikuwapo, na Nufail, na Dihya aliyekwisha kuchovya mkate kabla ya Bismillahi. Ramla alikuwa kulia, na mtoto wa Amiri kushoto, akinyonya kwa pupa hata akakohoa. Lubaba alishtuka, akamsikiliza mpaka pumzi ikatulia. Ndipo akawapitia wote tena kwa macho, mmoja mmoja, naye akanyoosha mkono kwenye sahani.