Ndege Mgeni Uani kwa Fisi

Hapo zamani za kale, wakubwa walipokuwa hawajui kusema "sijui" (cheka, kama vile leo wanajua!), Kindi alisomea elimu ya ndege, akapata cheti, kazi akakosa. Kwenye intavyuu, Fisi, mwenyekiti wa Baraza la Ndege, alimwuliza:

"Una uzoefu wa miaka kumi?"

"Mheshimiwa, nina umri wa miaka miwili."

"Toka! Mwingine!"

Siku moja Bi Mtetea, kuku wa Fisi, akaja mbio, fyuu! "Kindi mwanangu, nimekwisha! Kesho Fisi ana wageni, na mchuzi ni mimi!"

"Wallahi hawakuli, shangazi. Kaa hapa."

Akampaka manjano mbawani, masizi kifuani, akamfunga njiti za ufagio mkiani.

"Uwii! Zinachoma!"

"Vumilia. Na usifungue mdomo."

Asubuhi wageni, wajumbe wa Baraza, wanaulizia kuku, kuku haonekani. Mara, pwaa! Bi Mtetea akatua uani.

Kindi akachungulia ukutani. "Lahaula! Ndege yule! Mabingwa wote wanamjua. Asiyemjua, kiti cha baraza anakikalia kwa nini?"

Fisi akakohoa. "Ninamjua. Nilimwona ng'ambo."

"Tasnifu yangu ilikuwa juu yake," akadakia Dokta Kiboko.

"Wamebaki wachache mno," Nyati akatikisa pembe.

"Basi mgongeeni ngoma, wazee wangu, asiguswe!"

Na baraza lile, kilichogongewa ngoma hakirudi nyuma. Anayekirudisha hung'olewa kitini. Wakagonga wote: ndu! ndu! ndu!

Hapo Bi Mtetea akachuchumaa, akajikamua. "Ko-ko-ko-koteee!" Yai hilo, linafuka mvuke.

Kiboko akatazama angani. Fisi akatazama sufuria tupu.

"Lakini huyu si ku..."

"Malizia, Mheshimiwa!" Kindi akapanda juu ya ukuta, mkia wima. "Uliyemwona ng'ambo, ukamgongea ngoma mbele ya watu, ni nani? Sema wasikie!"

Fisi akameza mate, gluk. "Nilitaka kusema... mpeni mtama."

Wageni wakala mchicha mtupu. Bi Mtetea akaoga vumbi katikati ya uani, hana habari nao.

"Mkitafuta wa kumtunza," Kindi akapaza sauti akishuka ukutani, "msiniite. Sina uzoefu!"

Enyi watoto, anayeona aibu kusema "sijui" atalala njaa, na kuku anataga uani kwake.