Paka Aliyekaribishwa Chakulani

Sogeeni, ngano imefika. Palikuwa na mjane, Bi Shekue, aliyelelewa akijua kwamba mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha. Jioni ya siku ya tatu ya mwezi wa Mfunguo Pili, alipoanza kula wali kwa samaki, paka wake aliketi mbele yake akamkodolea macho. Bi Shekue akaona haya, akasema, "Karibu."

"Ahsante, bibi, nimekaribia," paka akajibu kwa sauti ya mtu, akala mkia wa samaki.

Jioni ya pili akakodoa, akakaribishwa, akala mkia na kiwiliwili. Jioni ya tatu akakodoa, akakaribishwa, akala mkia, kiwiliwili na kichwa, kisha akaivutia kwake sahani ya wali.

Bi Shekue hakuweza kumfukuza mgeni aliyemwita mwenyewe. Kwa njaa iliyomkaba, naye akaketi mbele ya paka, akamkodolea macho.

Paka akainua kichwa, wali umemjaa mdomoni. "Karibu, bibi."

Mkono wa Bi Shekue ulikuwa umekwisha kunyooka, lakini malezi yakatangulia kusema: "Ahsante, baba. Nimeshiba."

Nami naikomesha hapo, sahani ikiwa tupu.