Ridhaa ya Bi Zunaira

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham alikuwako tajiri wa sabuni akiitwa Mudrik bin Hazim. Sabuni ilimpa mali, mali ikampa uwaziri. Alipozeeka aliuacha uwaziri, akaitoa mali yake yote kujenga chuo kikuu, ili mgeni na maskini wasome bila kutoa kitu.

Siku ya kukifungua, masheikh walipanga safu katika msikiti wa chuo kwa sala ya adhuhuri. Mudrik, moyo umemjaa furaha, akamwona ajuza kasimama mlangoni, viatu mguuni.

"Karibu mama, ingia upate baraka."

"Waziri, wanikaribisha kwangu?" akasema ajuza. "Hapo penye mihrabu nilikuwa nikilala na marehemu mume wangu. Askari wako wakanitoa."

Ndiye Bi Zunaira. Mudrik alimkumbuka. Enzi za uwaziri aliitaka ardhi ile kwa ghala lake. Bei aliipeleka, ridhaa hakuingoja. Na kisicho chako, hata ukikijengea kwa dhahabu, hakiwi wakfu.

Karani wake akamnong'oneza, "Nyamaza, bwana. Wageni wote hawa? Tutamtuliza jioni."

Mudrik akisema, chuo kimekwenda, na jina lake nalo. Imamu keshainua mikono. Mudrik akapaza sauti: "Msisali hapa. Ardhi hii nilimpora mama huyu."

Watu wakatoka, wakasali njiani kwenye vumbi. Bi Zunaira akaenda zake.

Asubuhi yake Mudrik akapanda ukutani na nyundo, akaanza kubomoa, amrudishie mwenyewe kiwanja chake. Akabomoa hadi viganja vikachubuka. Bi Zunaira akatoka katika chumba alichopanga ng'ambo ya njia.

"We mzee, vumbi lako laingia kwenye uji wangu. Shuka."

"Sishuki, mama, mpaka upate ardhi yako."

"Kubomoa wajua. Kuomba je?"

Mudrik akashuka, akaketi chini mbele yake. "Naiomba, mama. Ukikataa nitamaliza kubomoa, wala sina kinyongo."

Ajuza akavitazama vile viganja. "Nimeiweka wakfu kwa ajili ya Mungu. Si kwa ajili yako, usije ukajidanganya. Haya, kajenge ulipobomoa."

Chuo kikasimama vizazi na vizazi. Wanafunzi walimwombea dua Bi Zunaira kwanza, kisha Mudrik. Mudrik mwenyewe ndiye aliyeusia hivyo.

Angalieni, wanangu: mali yote aliitoa bila kusitasita, ila neno "naomba" ndilo lililomlemea miaka. Mungu atujaalie kutaka ridhaa za watu sisi tukiwa hai, na wao wangali hai.